Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Msomaji, yamkini umewahi kubonyeza kitufe cha kompyuta ukaona taa yawaka, ukasikia pangaboi yavuma ndani, kisha ukangoja na kungoja usione kitu ila kioo cheusi. Ikiwa bado hujapatwa na jambo hilo, ngoja. Maisha ni marefu na mashine ni nyingi. Mimi lilinipata nikiwa na umri wa miaka 34, mwalimu wa sayansi katika chuo cha ualimu, mtu ambaye wanafunzi wake humwita msomi mbele yake, na sijui humwitaje nyuma yake. Nataka kukusimulia lilivyonipata. Mashine ile haikuharibika yenyewe. Niliiharibu mimi, na kwa muda wa siku mbili sikumwambia mtu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Ilinunuliwa mwaka 2010, ikafanya kazi hata rangi yake ya majivu ikageuka kama meno ya mvuta tumbako. Ilikaa katika chumba cha idara, juu ya meza ambayo mguu wake mmoja ulitiwa kigae chini ili isiyumbe. Mfumo wake ulikuwa Windows 7, ule ambao Microsoft iliacha kuutunza Januari 2020. Haikuunganishwa na intaneti, kwa hiyo tuliiona kuwa salama kama mzee asiyetoka nyumbani: haambukizwi na mtu. Kazi yake ilikuwa moja tu. Ndani yake ziliwekwa alama za mazoezi ya kufundisha za wanafunzi wetu 184, wale ambao karibuni wangetoka chuoni na kuwa walimu wa watoto wa nchi hii.

Utaniuliza, je, nakala haikuwapo? Swali lako ni la haki, nami naona haya kulijibu. Nakala ilikuwapo, lakini ilikuwa ya muhula uliotangulia. Karatasi za awali zilikuwapo pia, lakini mvua za Aprili zilipenya dari la ghala, karatasi zikashikamana kama mkate uliolowa chai. Kila mmoja wetu alidhani kuwa mwenziwe amekwisha kuweka nakala, na hivyo ndivyo walimu kumi na wawili wenye elimu walivyokaa mwaka mzima bila nakala hata moja.

Kabla sijaendelea, yanipasa nikueleze mashine hufanya nini iamkapo. Naomba unifuate polepole, kwa sababu bila maelezo haya kisa changu kitakuwa kama mzaha usio na kicheko.

Mfumo wa kompyuta, uwe Windows au Linux, hulala ndani ya diski. Prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, haiwezi kuusoma mpaka ipewe maagizo ya kusoma diski. Na maagizo hayo yamo katika mfumo uliolala ndani ya diski ile ile. Ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake. Watu wa kale wa ufundi huu walikitatua kitendawili hicho kwa kuweka programu ndogo nje ya diski, katika kidude kilichopigwa risasi ya kuunganishia juu ya bodi kuu. Programu hiyo haifutiki umeme uzimwapo. Kazi yake ni kuwa mlinzi wa lango: huamka kwanza, hukagua kumbukumbu, hutazama kama kibodi ipo, huitafuta diski, husoma fungu lake la kwanza lenye baiti 512, na ikiona kuwa baiti mbili za mwisho ni 55 na AA, hulikabidhi fungu hilo madaraka na kujiweka kando. Programu hiyo yaitwa BIOS. Jina hilo lilitumiwa na Mmarekani Gary Kildall katika mfumo wake wa CP/M miaka ya 1970, kisha likaenea duniani pamoja na kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981. Kompyuta za siku hizi hutumia ya namna nyingine iitwayo UEFI, yenye maarifa zaidi. Lakini mlinzi ni mlinzi, ijapokuwa amebadilishiwa sare.

Basi mlinzi huyu hukubali kuagizwa. Waweza kumwambia diski ipi itazamwe kwanza, saa ni ngapi, na mengine mengi. Maagizo hayo katika kompyuta za rika la ile yetu huandikwa katika kumbukumbu ndogo mno, ambayo yahitaji tone la umeme wakati wote ili isisahau. Kompyuta ya IBM PC/AT ya mwaka 1984 ilikuwa na baiti 64 tu za namna hiyo, na baadhi yake zilikuwa za saa. Naam, saa. Saa ya kompyuta na kumbukumbu ya maagizo huishi nyumba moja na kula chungu kimoja. Chungu chenyewe ni betri ya mviringo kama sarafu, iitwayo CR2032, na jina lake si la kubahatisha: upana wake ni milimita 20, unene wake milimita 3.2. Hutoa volti 3. Betri hiyo huilisha saa hata mashine ichomolewapo ukutani, na saa huhesabu wakati kwa kipande cha kwatzi kitetemekacho mara 32,768 kwa sekunde. Ikiwa wapenda hesabu, igawanye namba hiyo kwa mbili mara kumi na tano uone wafika wapi.

Kumbuka kwamba saa na maagizo hulishwa na betri moja. Jambo hilo lilikuja kunishtaki.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Kompyuta ile ilikuwa nzito wa kuamka. Uliweza kuiwasha asubuhi, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta bado yafikiri. Nilisoma mahali kwamba diski yaweza kusemezwa kwa namna mbili. Moja ni ya zamani, iitwayo IDE, asili yake ni miaka ya 1980. Nyingine ni AHCI, iliyotungwa mwaka 2004 kwa ajili ya diski za kisasa zaidi, nayo husifiwa kwa wepesi. Diski yetu ilikuwa ya namna iwezayo kusikia zote mbili. Nikawaza: kumbe twatambaa na huku tuna miguu! Nilijiona nimegundua siri ambayo wenzangu hawakuijua, na moyo wangu ukavimba.

Jumanne moja jioni, watu walipokwisha kuondoka, nilifungua chumba kwa ufunguo wangu. Niliwasha mashine, nikabonyeza F2 haraka haraka, nikaingia katika ukurasa wa mlinzi wa lango. Pale nilibadilisha neno la IDE kuwa AHCI. Laiti ningaliishia hapo! Lakini mkono uliokwisha kuonja madaraka haushibi. Nilibadilisha pia utaratibu wa diski, nikaondoa ukaguzi mmoja nilioudhani wa bure, nikawasha kitu kimoja kilichoahidi kuharakisha kuamka. Mambo manne kwa mara moja, na sikuandika hata moja. Na mimi ndiye niwafundishaye vijana kwamba katika jaribio la sayansi hubadilishwa kitu kimoja tu, vingine vikaachwa kama vilivyo, na kila hatua ikaandikwa! Nimeandika maneno hayo ubaoni kwa chaki mara nyingi hata mkono wayajua bila kichwa.

Nikabonyeza F10, nikahifadhi. Nembo ya Windows ikaanza kuchomoza. Kisha mwanga wa buluu ukapita kiooni kama umeme wa radi, mashine ikajizima, ikajiwasha, nembo ikachomoza tena, na mwanga ukapita tena. Ikaendelea hivyo kama mtu aotaye ndoto moja. Hatimaye niliweza kuusimamisha ule ukurasa wa buluu nikausoma. Mwishoni mwake palikuwa na namba 0x0000007B. Maana yake, kwa maneno yetu, ni kwamba mfumo umeanza kuamka, umenyoosha mkono kuishika diski yake mwenyewe, na mkono haukufika.

Nilirudi katika mipangilio nikarudisha nilichokumbuka, lakini sikukumbuka vizuri. Hofu ni mfutaji hodari wa ubao. Ndipo likanijia lile shauri lisemwalo na kila mtu: ukichomoa betri ya sarafu, mlinzi husahau yote na mashine hurudi mwanzo. Nilichukua bisibisi, nikafungua ubavu wa mashine, nikaing'oa betri kwa ukucha, nikangoja, nikairudisha. Nilipoiwasha, iliniambia kuwa imepoteza kumbukumbu zake, nami nibonyeze F1 ili iendelee. Nikafurahi. Nikasema moyoni, sasa yote yamerudi kama yalivyokuwa. Nembo ikachomoza. Mwanga wa buluu ukapita.

Nakuambia kweli, nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nimeirudisha mashine mwanzo na bado haikuamka. Basi nilihukumu kwamba diski imekufa, na kwamba mimi ndimi niliyeiua. Nikafunga kifuniko, nikafuta alama za vidole juu ya meza kwa leso, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani. Ile leso ndiyo inisumbuayo hata leo. Kubadilisha mipangilio kulikuwa ujinga. Lakini kufuta meza hakukuwa ujinga; nilijua nifanyalo.

Jumatano asubuhi mkuu wa idara aliikuta mashine katika hali ile. Swali la kwanza likawa lile liulizwalo duniani kote: nani aliitumia mara ya mwisho? Na jibu lilikuwa rahisi. Walimu watatu walikuwa wamemwona kijana wetu wa maabara mbele yake Jumanne alasiri, akiingiza alama. Kijana huyu alikuwa na umri wa miaka 22. Aliajiriwa kwa mkataba wa miezi sita, na mkataba wenyewe ulikuwa ukingoni mwa kwisha. Kufanywa upya kulitegemea barua ya mkuu. Aliitwa. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Uliigusa nini?" mkuu aliuliza.

"Niliingiza alama tu, Mkuu. Niliizima vizuri nikaondoka saa kumi na moja."

"Mashine haiharibiki kwa kuzimwa vizuri."

Kijana alinitazama. Sidhani alinishuku, alinitazama kwa kuwa mara nyingi nilimwonyesha mambo ya kompyuta, na labda alitumaini kuwa nitasema neno la kumsaidia. Nami nilisema neno. Nilisema, "Mashine yenyewe ni kuukuu, Mkuu." Neno hilo lilikuwa kweli kabisa, na kwa kweli hiyo nilidanganya. Mtu mzima akidanganya hachukui maneno ya uongo kama mtoto. Huchagua kweli iliyo mbali na jambo lenyewe akaiweka mezani.

Siku ile nilifundisha vipindi vitatu. Sikumbuki nilifundisha nini.

Alhamisi, saa nane mchana, fundi aliletwa kutoka mjini. Alikuwa mama wa makamo, mwenye duka dogo karibu na kituo cha magari, ambapo hutengeneza redio, simu, na chochote kiletwacho. Baba yake alikuwa fundi wa saa, na yeye alijifunza kushika bisibisi akiwa mtoto chini ya meza ya baba yake. Alivaa miwani yenye kamba shingoni. Aliingia, akatusalimu mmoja mmoja, akaketi mbele ya mashine bila kuigusa, akauliza, "Ni nini kilichobadilika?"

Angalia, msomaji, hakuuliza ni nini kilichoharibika.

Mkuu akasema hakuna kilichobadilika. Diski imekufa, na ikibidi aifute aweke mfumo mpya, ili angalau mashine ifanye kazi. Kijana alikuwa amesimama palepale penye mlango. Mimi nilikuwa dirishani, nikitazama nje kama mtu anayesubiri mvua.

Mama yule aliiwasha mashine, akautazama mwanga wa buluu, akanyamaza. Kisha akaingia katika ukurasa wa mlinzi. Akasoma kwa sauti, polepole: "Tarehe 2 Januari 2009. Saa 17:30." Akaitazama saa yake ya mkononi. Akatoa kalamu, akaandika juu ya kipande cha karatasi. Akaizima mashine, akaichomoa ukutani, akafungua ubavu, akaipima betri kwa kipimo chake. "Volti 3, haipungui kitu," akasema. "Betri ni nzima. Basi saa haikulala kwa njaa." Akainamia ndani kwa tochi. Vumbi la miaka mingi lilikuwa limetanda kila mahali kama blanketi, ila pale penye betri, ambapo palikuwa na doa safi, na kando yake alama ya kidole.

Hapo nilielewa, nami naamini wewe pia umekwisha kuelewa. Saa ipotezapo umeme husahau tarehe. Na mashine iwashwapo tena, mlinzi huianzisha upya kutoka siku aliyopewa kiwandani. Kwa bodi ile siku hiyo ilikuwa 1 Januari 2009, usiku wa manane kamili. Tangu hapo saa ilikuwa imehesabu siku moja, na saa kumi na saba na nusu juu yake. Jumla ni saa 41 na nusu. Toa saa 41 na nusu kutoka Alhamisi saa nane mchana, uone wafika lini. Fundi alikuwa amekwisha kufika.

"Saa hii," akasema, "ilizaliwa upya juzi, yapata saa mbili na nusu usiku."

Chumba kilinyamaza. Mkuu alimtazama kijana, kisha akaacha kumtazama, kwa kuwa kitabu cha bawabu kilionyesha alitoka langoni saa kumi na moja na robo, nacho kilikuwa kimekaguliwa jana yake. Mama yule hakumtazama mtu. Alikuwa akipangusa miwani yake.

"Mimi sitafuti mwizi," akasema. "Hiyo si kazi yangu, wala silipwi kwayo. Natafuta kilichobadilika. Nikikijua, hii ni kazi ya dakika kumi. Nisipokijua, mwaniambia niifute diski, nami nitaifuta."

Wanafunzi 184. Niliwafikiria, lakini nisijifanye mwema kuliko nilivyokuwa: niliyemfikiria kwanza ni mimi. Nilipima katika mizani ya moyo. Upande mmoja palikuwa na jina langu. Upande wa pili alama za watu, na barua ya mkataba ya kijana aliyesimama mlangoni. Ni aibu kusema kwamba mizani ile haikuinama mara moja. Ilisitasita. Naona ulimi ulikuwa na uzito wake.

"Ni mimi," nikasema.

Sikumbuki nyuso za watu. Nakumbuka kwamba fundi alivaa miwani yake, akavuta kiti cha pili, akasema kama asemaye na mtu yeyote aliyeleta redio dukani, "Vema, Mwalimu. Keti hapa. Ulibadilisha nini, kimoja kimoja?"

Nilikumbuka utaratibu wa diski. Nilikumbuka kile cha kuharakisha. Cha tatu kilikuja baada ya kitambo. Cha nne kilikataa. Mama alingoja, hakunisaidia wala hakunikatiza. Mwisho nikasema, "Palikuwa na neno la herufi tatu, nikaliweka la herufi nne."

"Aaa," akasema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeona soketi iliyofunguka.

Akatueleza, nami nakueleza kama nilivyosikia. Windows 7 iwekwapo katika mashine kwa mara ya kwanza, hutazama diski yasemezwaje, hujifunza lugha hiyo, na kuiacha ile nyingine ilale. Aliyeweka mfumo wetu mwaka 2010 alikuwa ameweka IDE kwanza, labda kwa mazoea, kwa kuwa Windows XP, iliyotangulia, haikuijua AHCI mpaka iongezewe programu yake. Hivyo mfumo wetu uliishi miaka yake yote kwa IDE. Nilipobadilisha neno lile, nilikuwa kama mtu aliyembadilishia mzee lahaja usiku, asubuhi akamwamuru atoe hotuba. Diski haikuwa na kilema chochote. Hata alama moja haikuguswa.

"Lakini nilirudisha yote mwanzo," nikasema. "Nilichomoa betri."

"Ulirudisha mwanzo wa kiwanda," akasema. "Kiwanda hiki kilianza na AHCI. Mwanzo wa kiwanda si mwanzo wa mashine yenu. Yenu ilikuwa imekwisha kuishi."

Akarudisha neno la herufi tatu. Akabonyeza F10. Nembo ikachomoza, nasi sote tukasogea mbele kama watu waangaliao kuzaliwa kwa ndama. Mwanga wa buluu haukupita. Baada ya muda wake wa kawaida, ule muda wa kikombe cha chai ambao mimi nilitaka kuupunguza, mashine iliamka. Kijana ndiye aliyefungua faili. Alizihesabu safu kwa kidole: zilikuwa 184.

Fundi hakuturuhusu kufurahi. Alitoa flashi mbili mfukoni, akanakili faili lile katika zote mbili kabla ya kitu kingine chochote, akampa mkuu moja na kijana nyingine, akatuambia zisikae chumba kimoja. Ndipo akanigeukia akaniuliza kama bado nataka ule wepesi wa AHCI, maana njia ipo. Mtu huingia kwanza ndani ya Windows yenyewe, wakati ingali macho, akaitafuta programu ya lugha ile iliyolala, iitwayo msahci, akabadilisha tarakimu moja tu, 3 iwe 0, ili iamke pamoja na mfumo. Kisha ndipo akaenda kwa mlinzi akabadilisha neno. Mlango hufunguliwa kutoka ndani kwanza. Nilimwuliza wepesi utakaopatikana ni kiasi gani. Alicheka kwa mara ya kwanza. Alisema kwa diski kuukuu izungukayo kama ile yetu, ni kiasi cha kumeza mate. Sikuutaka.

Huenda siku moja utaketi mbele ya mashine ya shule au ya mtu mwingine, na kidole chako kitawasha kama changu kilivyowasha. Si vibaya, kidole kisichowasha hakijifunzi. Lakini kabla hujagusa, ipige picha kila kurasa ya mipangilio kwa simu, au iandike kwenye daftari. Kisha badilisha kimoja, uiwashe, uone. Na ukiona neno lisemalo "rudisha mwanzo", jiulize ni mwanzo wa nani. Haya ni ya ufundi. Ya upande wa pili sina ruhusa ya kukufundisha, kwa kuwa nilichelewa siku mbili.

Ujira wa fundi nililipa mimi, na hakuna aliyenishukuru, wala hapakuwa na sababu. Mkuu hakunifokea. Alisema tu, mlangoni, "Juzi ulisema mashine ni kuukuu," akaenda zake. Nami ningaliona nafuu kama angalinifokea. Barua ya mkataba iliandikwa wiki iliyofuata. Kijana aliipokea, akaendelea na kazi, lakini kwa muda mrefu aliponipita kwenye ujia alinisalimu kama wanavyosalimiwa wageni, kwa heshima kamili. Nilimwomba radhi siku ile ile, mbele ya wale waliomsikia akihojiwa. Alisema, "Haidhuru, Mwalimu," na haikuwa kweli kwamba haidhuru, nasi wote wawili tulijua.

Fundi aliandika mipangilio yote ya mashine kwenye kadi ngumu, kwa herufi kubwa, akaibandika ndani ya kifuniko, mahali ambapo mtu hawezi kuifikia betri bila kuiona. Alituachia jambo moja bila kulifanya. Ilikuwa jioni tulipoligundua. Alama zilikuwapo, mfumo ulikuwa macho, lakini pembeni mwa kioo tarehe ilikuwa bado Januari 2009. Nilinyoosha mkono niirekebishe.

"Acha, Mwalimu," kijana akasema. "Nitaiweka mimi."

Akaitazama saa yake ya mkononi, akangoja sekunde zitimie, akaiweka.